Rejeta Yenye Alama ya Ukoo

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu Emali likaangaliwe breki, na kabla kijana wa gereji hajafungua tairi la kwanza nilikuwa nimeshavuta kiti na kukaa mahali ninapoiona mikono yake. Sikukusudia. Aliniangalia kwa upole, kama bibi yake, akasema, "Shosho, hapo kuna vumbi. Si uende ukunywe chai, nitakuita?" Nilicheka peke yangu hadi akadhani amenikosea. Kwetu, rafiki yangu, kuambiwa uende ukanywe chai na mtu aliyeshika spana lilikuwa jambo zito. Chai ya namna hiyo nusura ivunje urafiki wa watu wawili niliowapenda, nami nilikuwa mtoto, nikaona yote.

Baba alikuwa na pikapu. Ilimfikia ikiwa imeshapita kwa watu wengine, na mita yake ya kuhesabu mwendo ilikuwa imefika mwisho, ikarudi sufuri, ikaanza upya. Baba alipenda kusema kwamba gari lake limezaliwa mara ya pili. Aliendesha kutoka kwetu Kalamba kwenda Emali siku za soko, amebeba ndengu na kunde za majirani na maembe yalipokuwapo, na alichopata kilitulisha na kilichobaki kililisha gari. Mara nyingi gari lilishiba kwanza.

Tuliliuguza kama mtu. Tangi la petroli likivuja, Mama alikata kipande cha sabuni ya kufulia, akakikanda kwa kidole gumba na kuziba. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Asubuhi za baridi tulilisukuma sote, watoto nyuma, Mama ubavuni, na lilipowaka lilitutemea moshi wenye harufu ambayo hadi leo nikiinusa barabarani nakumbuka muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wa moto, uliokuwa ukitungoja jikoni. Maji ya rejeta, lile sanduku la shaba mbele ya injini linaloipoza, yalitoka kisimani kama maji ya kupikia, na wakati wa kiangazi Mama aliuliza kwa nini mgeni huyu anakunywa kuliko ng'ombe na hatoi maziwa.

Fundi wetu alikuwa mmoja tu. Alifanya kazi Emali, chini ya mabati karibu na barabara ya malori, lakini nyumbani kwake kulikuwa Kalamba, ng'ambo ya mto mkavu kutoka kwetu. Yeye na Baba walibatizwa siku moja, na tangu hapo walikaa benchi moja kanisani, bega kwa bega, hata Jumapili ya ushirika, ya Meza ya Bwana. Alikuwa mtu wa kelele na majivuno. Alijisifu kwamba injini zilimwogopa. Nati zilizobaki baada ya kazi aliziweka mfukoni, na ukimuuliza alisema kiwanda kilizidisha.

Kwa hiyo watu walimpenda na kumshuku kwa pamoja. Ilivuma Emali kwamba mafundi huko hukuvulia kifaa kizuri na kukuvalisha kibovu, nawe unarudi nyumbani ukishukuru. Susu, yaani bibi yetu, mama yake Baba, aliyaamini maneno hayo kabisa. Kila gari lilipokwenda kwa fundi, naye alipanda. Aliketi juu ya kigoda chake mbele ya boneti, akisokota kamba za kusukia kikapu cha kiondo kwenye paja, macho hayabanduki mikononi mwa fundi. Mimi nilikwenda naye kumbebea chakula na kumshikia kamba.

"Mwaitu," fundi alimwambia, kwa heshima ya kumwita mama, "unanikodolea hivyo, mikono yangu itatoa malengelenge."

"Fanya kazi, mwanangu. Mimi nasuka tu."

Hata hivyo hakuridhika. Akamwambia Baba kwamba ng'ombe wetu wana alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma, mizinga ya nyuki ina alama, mishale ya babu ilikuwa nayo. Iweje gari, ambalo ni ghali kuliko zizi zima, liwe halina? Baba hakuona kosa katika hilo. Siku moja baada ya ibada alichukua nyundo na msumari mnene, akagonga alama ya ukoo wetu, mistari miwili iliyosimama na upinde juu yake, kwenye betri, kwenye stata, na kwenye shaba ya juu ya rejeta. Aligonga kwa nguvu, akihakikisha imeingia. Susu alipitisha kidole juu ya kila moja na kuitikia kwa kichwa, ameridhika.

Miezi ikapita. Rejeta ikaanza kuvuja. Kwanza matone, baadaye Baba akawa anasimama kila kilima, anafungua boneti, anamimina maji na kungoja mvuke utulie. Tulitia yai bichi, tulitia unga, ikavuja. Tukaenda Emali. Fundi aliifungua, akaigeuza juani, akaigeuza tena, asijisifu hata kidogo. Kisha akasema kwa sauti tamu kupita kiasi, "Mwaitu, jua ni kali. Hebu nenda na mtoto mkunywe chai pale kwa mama wa mandazi, kwa jina langu."

Susu alikuwa amechoka siku hiyo. Tukaenda. Tuliporudi rejeta ilikuwa imeshafungwa mahali pake, imepakwa rangi nyeusi, haivuji hata tone.

Nyumbani Baba alifungua boneti akatafuta alama. Haikuwapo. Mahali pake palikuwa na kiraka laini cha lehemu. Alikwangua rangi kwa kisu hapa na pale, hakuona kitu. Akasema hata shaba yenyewe ni ngeni kwake, na kwamba kiraka kimewekwa ili kumfumba macho. Susu aliketi chini palepale. "Ile chai," alisema. "Nilikunywa rejeta yangu."

Baba hakumuuliza fundi. Hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alimsalimia, alimtabasamia, na moyoni alimhesabu mwizi. Mchungaji wetu alifundisha kwamba mtu mwenye neno na ndugu yake asiikaribie Meza mpaka wapatane, na Baba alilishika fundisho hilo nusu: hakuikaribia Meza, wala hakwenda kupatana. Ilipofika Jumapili ya ushirika alitoka nje kimya, akasimama karibu na gari kama anayelilinda. Nafasi yake kwenye benchi ikabaki wazi kando ya fundi. Mara ya pili fundi aligeuka akamtazama akitoka, na nikaona uso wake umejua.

Mama alimsihi. "Umekaa na huyu mtu tangu ujana. Mwulize."

"Nikimuuliza atakataa," Baba alisema. "Na akikataa nitakuwa na mwizi ambaye pia ni mwongo."

Susu naye, ambaye ndiye aliyeanzisha shaka, hakulala vizuri. Mwanawe alikuwa nje ya Meza ya Bwana kwa ajili ya sanduku la maji, naye alikuwa mzee, na alimwomba Mungu waziwazi, mbele yetu, asimchukue kabla hajamwona Baba amerudi kwenye benchi lile.

Basi, siku moja ya soko, kule Emali, pikapu nyingine ilisimama kando yetu ikitoa mvuke. Mwenyewe, mtu mnene mwenye kofia ya majani, akafungua boneti. Baba akachungulia, kama wenye magari wanavyochungulia, na nikamwona akikakamaa. Juu ya shaba ya rejeta ile kulikuwa na mistari miwili iliyosimama na upinde juu yake.

"Hii umenunua kwa nani?" Baba aliuliza.

"Salamu kwanza, mzee."

"Nimekuuliza, umenunua kwa nani? Kwa huyu?" Na akamwonyesha fundi, aliyekuwa amelala chini ya lori. "Hii ni yangu! Ina alama yangu! Fundi, toka huko, toka watu wakuone!"

Watu wakajaa. Unajua Emali siku ya soko. Fundi alitoka chini ya lori akiwa na mafuta hadi nyusi, akatazama rejeta, kisha akamtazama Baba. Mtu wa kofia ndiye aliyecheka.

"Wewe ni wa ukoo gani?" alimuuliza Baba.

Baba akautaja.

"Basi umekuja kumkamata ndugu yako. Mimi natoka Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi, na ukoo ni huohuo. Baba yangu alitia alama hii kwenye kila kitu mpaka sufuria za mama. Hata jembe langu hapo nyuma linayo. Nenda ukadai jembe pia!"

Umati ukaangua kicheko. Na hakika hapo nyuma, kwenye chuma cha jembe, alama ilikuwapo. Fikiria: ukoo mzima pande zote mbili za mto una alama moja, na Baba, aliyeijua tangu anachunga ndama, alisahau kwamba alama ya ukoo si ya mtu mmoja.

"Sawa," Baba alisema, sauti imeshuka lakini shaka haijashuka. "Hiyo ni ya huyu. Yangu iko wapi?"

Hapo fundi akaenda kwenye jiko lake la makaa, akatoa chuma kilichokuwa chekundu, akaja kwenye gari letu, akafungua boneti yeye mwenyewe. Alikandamiza chuma juu ya kiraka mpaka lehemu ikayeyuka na kutiririka. Akapangusa kwa kitambaa. Mistari miwili, upinde. Na kutoka kwenye mstari wa kushoto, ufa mwembamba kama unywele ukifuata njia ya msumari, maji yakitokeza.

"Uliigonga kama unachoma fahali," fundi alisema. "Shaba imezeeka, ikapasuka palepale. Ningesema hivyo mbele ya mwaitu, na alama ni ya ukoo wa mumewe? Nikamtuma chai." Akatupa chuma chini. "Basi nimefungua uone. Kufunga, tafuta fundi mwaminifu."

Akarudi chini ya lori lake.

Gari lilibaki Emali. Baba aliikongoa rejeta, tukarudi nayo Kalamba katika lori la mtu, naye njia nzima aliipakata kama mtoto mgonjwa. Hakula usiku huo. Susu alimwambia maneno machache tu: "Mimi ndiye niliyekupa nyundo. Tutakwenda wote."

Ikafika Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Meza. Tulivuka mto mkavu, Baba na rejeta begani, Susu na fimbo yake, mimi na kuku wa Susu kwapani. Fundi alikuwa uani kwake, anatengeneza banda la mbuzi. Baba aliweka mzigo chini akasimama wima.

"Nilikushuku," alisema. "Nikakuaibisha sokoni. Naomba unisamehe."

Fundi aliendelea kupiga msumari. "Ulinishuku lini? Siku ile ya chai, au tangu tubatizwe?"

Baba alifikiri. Alikuwa mkweli. "Tangu zamani kidogo."

Fundi akaacha nyundo. Nilidhani atatufukuza. Badala yake alimwita mkewe alete makaa, akavuta kiti, akakiweka kikitazama ua wa miiba. "Kaa hapo," alimwambia Baba. "Nipe mgongo. Ukigeuka kabla sijamaliza, beba chuma chako uende."

Baba akakaa. Nyuma yake makaa yalipulizwa, patasi ikakwaruza shaba, kitu kikagonga kitu. Niliona shingo yake ikikaza. Fundi kwa makusudi alidondosha nati kwenye kopo, akasema, "Hii ni nzuri, nitaiweka." Masikio ya Baba yalisogea, naapa, lakini kichwa hakikugeuka. Alitazama ua ule wa miiba kana kwamba umeandikwa. Lehemu ililia ilipogusa maji. Susu, ambaye hakuna aliyemwambia ageuke, aliangalia kila kitu, na hakusema aliona nini.

"Haya," fundi alisema. Baba akageuka polepole, macho yamelowa, na akasema ni moshi.

Kesho yake alikaa kwenye benchi. Susu alikuwa upande wa akina mama, shingo ndefu, akitazama. Sinia ya vikombe vidogo ilipita kutoka mkono hadi mkono, ikamfikia Baba, akachukua kimoja na kumpa fundi sinia. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akanong'ona kwa sauti ambayo benchi letu zima lilisikia:

"Umehesabu vikombe?"

Baba alicheka mbele ya Meza ya Bwana. Alijaribu kukifanya kicheko kiwe kikohozi, akashindwa, na mchungaji akafumba macho, asiyaone mabega yale mawili yakitikisika pamoja. Susu alimwambia Mungu asante, kwa sauti, bila kungoja maombi.

Wote wamelala sasa. Susu alitangulia, amani ikiwa naye. Pikapu iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma, na alama zake zikaenda kuyeyushwa huko nisikokujua. Banda la mabati lilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Mimi Mungu ameniweka, nimekuwa mzee wa kanisa, na ni mimi ninayepitisha sinia siku hizi. Namshukuru kwa hilo. Waumini ni wengi, wamevaa vizuri, wanaipokea na kuipitisha bila neno, na ibada ikiisha kila mmoja anawasha gari lake, linawaka mara moja, anakwenda zake. Hakuna anayetoka nje kwa sababu ya mwenzake. Nimewauliza, wananiambia hawana neno na mtu yeyote. Nami, niliyelelewa chini ya macho ya Susu, nausikiliza utulivu ule na kuushuku.