Usingizi Juu ya Mgongo wa Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kuvuka lango la shule, msichana mmoja alisimama pembeni ya ukuta akainamisha kichwa, na rafiki yake akamchambua nywele kama anayechambua mchele. Vijiti vya nyasi kavu vilitoka kwenye mabutu, nyuma ya masikio, mpaka ndani ya kola.

"Leo umebeba chakula cha mbuzi wangapi?" rafiki aliuliza.

Ndiyo maana darasa zima lilimwita Majani. Rafiki mwenyewe aliitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Majani alikuwa binti wa mtunza farasi. Baba yake alifagia mabanda na kuwasugua farasi wa watu katika kituo kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, na yeye alikulia humohumo, akipita chini ya matumbo ya farasi bila kuinama. Farasi aliyekuwa akimpanda ni jike la kahawia lililobatizwa jina la Shangazi, maana lilimpokea kila mgeni kwa kununa na halikumwachia mtu apite bila kumkagua mifuko. Mwenye farasi, daktari wa meno, alichoka kuangushwa na kuokotwa chini. Siku moja alifuta vumbi makalioni akasema, "Huyu mtoto wanasikilizana naye. Basi na aende naye mashindanoni."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alfajiri alikuwa zizini, mchana shuleni, jioni uwanjani akiruka viunzi huku Kocha akipaza sauti, "Mgongo! Visigino! Macho mbele, huko chini kuna nini?" Akirudi nyumbani anakuta hesabu zinamsubiri mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Na Jumamosi kulikuwa na ahadi ya Redio. Redio alikuwa amegundua jambo la kuchekesha kuliko yote duniani: Majani, anayeruka viunzi vya kufika kifuani, hajui kuendesha baiskeli.

"Nitakufundisha Jumamosi," alisema.

Jumamosi ilikuwa mazoezi. Iliyofuata nayo mazoezi. Redio alikuwa anakuja mpaka kwenye uzio na baiskeli ya kaka yake, anapiga kengele, anangoja, kisha anaondoka akiisukuma.

Mwili hauna adabu, haubishi hodi. Somo la jiografia likiendelea, Majani alilala usingizi wa pono, na mwalimu alipogonga dawati alizinduka akipiga kelele, "Twende, Shangazi!"

"Shangazi yako amesafiri?" mwalimu akauliza. "Au nimwite aje achukue daftari lako?"

Darasa lilicheka mpaka la jirani likaja kuchungulia. Na kwa kuwa mwalimu huyo alishonewa suruali na mama yake Majani, habari ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Mama alikuwa kwenye cherehani, futi shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, na Majani akajua mambo ni mazito.

"Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka. Wewe umeshika matatu, na mikono ni ileile miwili. Nikisikia umesinzia tena, hilo tandiko nalikata nishonee mikoba. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Nami sitanii."

Hakuwa akitania. Mkasi wake ulishawahi kukata suruali nzuri ya baba kwa sababu ndogo zaidi.

Toka siku hiyo Majani hakusinzia tena darasani. Mama akafurahi, mwalimu akafurahi. Siri ilikuwa hii: baada ya mazoezi, farasi hutembezwa polepole kuuzunguka uwanja mpaka jasho likauke. Baba alikuwa anakwenda kujaza maji wakati huo. Majani aliziachia hatamu, akashusha pumzi ndefu, akalala papo hapo juu ya tandiko. Shangazi alizunguka peke yake, na alipoona imetosha alijipeleka mpaka mlango wa banda lake, akageuza shingo, akamsukuma kiatu kwa pua: amka, tumefika. Usingizi mtamu ule! Majani alijiona mjanja kuliko sungura.

Ikafika Jumamosi ya kuchagua timu ya mashindano. Viti vilipangwa, bendera ndogondogo zikapepea, waamuzi wakakaa chini ya turubai. Mama alikuja na futi lake shingoni, alilisahau. Redio naye alikuwepo kwenye uzio na baiskeli.

Kengele ya waamuzi ikalia. Shangazi aliingia amenuna, akaruka kama amekanyaga moto. Kiunzi cha kwanza, safi. Ukuta wa kijani, safi. Kile cha pacha, viwili vilivyofuatana, ambacho wenzake wote walikiangusha, Shangazi alikunja miguu akapita juu yake kama paka juu ya dirisha. Watu wakapiga makofi. Kilibaki kiunzi kimoja tu, kifupi, hata mbuzi angekiruka. Timu ilikuwa imeshaingia mkononi.

Majani akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya raha. Na vidole vikalegea kwenye hatamu.

Masikio ya Shangazi yakalala. Mbio zikawa matembezi. Akakipita kiunzi kando, akapita mbele ya waamuzi kama mama anayetoka sokoni, akatoka kwenye lango lililokuwa wazi kumngojea mpandaji anayefuata.

"Hapana! Shangazi, bado! Rudi!" Majani alivuta hatamu, lakini miguu minne ilikuwa imeshatoka uwanjani, na anayetoka kabla ya kumaliza amejitoa mwenyewe. Shangazi hakusimama mpaka mlangoni pa banda. Akageuza shingo, akamsukuma kiatu kwa pua.

Watu walikuja mbio, Kocha mbele.

"Ana nini huyu farasi? Ameumia?"

Baba akamkagua kwato, akainuka taratibu. "Hana kitu. Ameona kazi imekwisha. Ukimlegezea hatamu na kushusha pumzi, anarudi kulala." Akakuna kidevu. "Ila mimi sijamfundisha hivyo."

Wote wakamtazama Majani. "Huwa nafumba macho kidogo wakati anazunguka," alisema. Siku za mwizi arobaini. Mama akamtazama yeye, akamtazama Shangazi, akamtazama tena yeye.

"Kwa hiyo ulihamisha kitanda," alisema.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka futi likaanguka, akashika nguzo ya banda, na baba akacheka kwa kumwona yeye.

Kocha hakucheka. "Sikilizeni, bado nafasi ipo. Raundi ya pili inaanza baada ya chakula. Nitakupa yule farasi mweusi, ukipita unaingia kwenye timu. Twende ukapashe mwili."

Mama akaacha kucheka. Aliokota futi lake akaanza kulizungusha kidoleni, bila kumwangalia mtu. Majani alilijua hilo futi. Akisema ndiyo, tandiko ni mikoba kabla ya wiki kwisha.

Lakini hata lisingekuwepo futi, macho yake yalikuwa mazito kama yamepakwa ulimbo.

"Kocha," alisema, "mimi nina usingizi."

Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu mzima.

"Una nini?"

"Usingizi. Na nimechoka. Timu nitaijaribu msimu ujao. Kwaheri."

Mama akalivaa futi shingoni. "Jumatatu jioni ataruka," alimwambia Kocha. "Jumamosi si yenu tena."

Majani alimpa Shangazi karoti, akavua kofia ngumu, akaitundika. Kwenye uzio Redio alikuwa amekwisha kuigeuza baiskeli.

"Nakuonya mapema," Redio alisema, akimtoa kijiti cha nyasi sikioni. "Usije ukalala juu yake. Hii haijui njia ya kurudi nyumbani."

"Breki iko wapi?"

"Kwanza panda, maswali baadaye."

Nyuma yao Kocha aliita mara moja, kisha akaita tena, jina zima la shuleni. Majani alinyanyua mkono juu bila kugeuka, akatoka getini ameshika usukani kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe, na siku hiyo hakurudi.