Liwa Niliyompaka Bishara

Watu wa Garsen hunijua kwa pua kabla hawajanijua kwa jina. Mimi ni Sadia, mzaliwa wa Kipini, na kazi yangu ni manukato: udi, marashi, na liwa, rojo la msandali la kumsinga mwilini bibi harusi au mzazi aliyetimiza arobaini. Sitembezi mali yangu majumbani. Kizuri chajiuza. Na asikudanganye mtu kwamba nina kiburi. Naijua kazi yangu tu, basi.

Sasa sikiliza kilichonipata mwaka wa tisini na nane, maji ya El Nino yalipokwisha kushuka na barabara ya Malindi kufunguka. Adan, Muorma anayeuza ng'ombe hapa sokoni, aliniita nikamtoe mkewe Bishara arobaini. Bishara alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Guracha. Kabla yake alizaa mwingine, akamzika akiwa na miezi miwili, kwa hiyo huyu alitunzwa kama mboni ya jicho.

Nilifika asubuhi na chetezo changu. Nikamwogesha Bishara, nikamsinga liwa kuanzia shingoni mpaka miguuni, kifua sikukisahau. Nikamfukiza udi hadi nywele zikanukia, nikammiminia marashi, nikamfunga ushungi mpya. Wanawake wakapiga vigelegele. Lo, alipendeza! Kisha mtoto akaamka, akapewa ziwa, akaligeuzia uso.

Kwanza tulicheka. Tukamjaribu ziwa la pili. Akajipinda mgongo, akalia kwa hasira, ngumi mbili juu, utadhani limepakwa shubiri. Adhuhuri ikapita, hajanyonya. Alasiri ikaingia, hajanyonya, na sauti imeanza kukauka. Maziwa yalimdondoka Bishara mpaka gauni likalowa.

"Kijicho hiki," alisema mama mkwe wake. "Wamemwona wageni wengi mno. Namtuma Adan akamlete mwalimu amsomee."

Bishara alikuwa ametoa macho tu. "Yule wa kwanza alianza hivi hivi," aliniambia. "Aliacha kunyonya. Bi Sadia, mwanangu hanitaki."

Niliogopa, sifichi. Nikamgusa mtoto paji la uso: hana homa. Nikamchungulia mdomo: safi. Bibi yake alipomtia kidole alikifyonza kwa nguvu zote. Njaa anayo, basi ana nini?

Nikamchukua ili mamake apumzike. Kitandani palikuwa na leso aliyolalia Bishara usiku, chafu, imeganda maziwa; nilikuwa nimeitenga ifuliwe. Nikamlaza mtoto kando yake, nikawa najifunga leso yangu vizuri. Mara kilio kikakatika. Nilipotazama, Guracha alikuwa amefumba macho, pua kaizamisha kwenye ile leso chafu, ananyonya pindo. Nikaivuta, nikaiweka upande wa pili. Akageuka nayo polepole, macho bado kayafumba.

Hapo nikaelewa. Mtoto wa siku arobaini sura ya mama bado anajifunza, anaiokota kidogo kidogo, lakini harufu yake anaijua tangu siku ya kwanza. Na mimi, fundi wa harufu wa Garsen nzima, nilikuwa nimeifuta yote kwa mikono yangu, kisha nikazifunika hata nywele kwa ushungi mpya.

Kwa dakika moja niliona njia rahisi: ninyamaze, mwalimu aje, lawama wabebe wageni wa watu. Jina langu libaki safi. Lakini mficha uchi hazai.

"Mama Adan, usimtume mtu," nilisema. "Si kijicho. Ni mimi. Leteni maji ya vuguvugu, bila sabuni."

"Wewe? Umemfanya nini mjukuu wangu?"

"Utanigombeza baadaye. Maji kwanza!"

Tulimwosha Bishara mara tatu. Liwa yangu haitoki upesi, na siku hiyo niliilaani. Tukamvua ushungi, tukamvika ile leso chafu, akajikamua matone machache, akajipaka kifuani. Nikampa mtoto wake. Guracha akanusa. Akatulia. Akapapasa kwa mdomo, akakosa, akapapasa tena, kisha akalidaka ziwa, akanyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Akakohoa, akalirudia.

Alhamdulillahi! Mama mkwe aliketi sakafuni akalia, nami nikalia naye kwa furaha. Alinitukana baadaye, tena sana, nikayaona matusi yake matamu.

Bishara peke yake hakulia. Alimtazama mtoto akinyonya, akapitisha kidole kwenye shavu lake.

"Kumbe hakunikataa," alisema.

"Akukatae vipi?" nikamwambia. "Siku nzima yumo mikononi mwako, anakulilia wewe."