Mwalimu Hoshina na Karatasi ya Januari Mbili

Mtaani kwetu Kajimachi kila mtu husafisha nyumba mwaka unapokwisha. Hilo la kawaida. Lakini ukimwona Hoshina Wataru kapanda ngazi anafuta theluji kwenye nguzo ya taa ambayo wala si yake, ujue roho yake imeanza kwenda mbio. Desemba hiyo alianza mapema. Alifua mapazia, akaosha mabuti ya mkewe ndani na nje, kisha akaja dukani kwangu kuniuliza kama ningependa anisugulie mapipa ninayolowekea soya.

"Mwalimu," nikamwambia, "mapipa yangu nayasugua mwenyewe kila alfajiri. Nenda kaandike."

Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole, akarudi kwake.

Mimi nauza tofu, ile jibini nyeupe ya soya. Ukuta wangu na ukuta wa saluni ya mkewe, Fumie, ni mmoja, kwa hiyo mambo yao mengi nayajua bila kuuliza. Wataru asubuhi hupiga pasi kwa dobi wa karibu na stesheni, mchana hukaa chumba cha nyuma cha saluni na kuandika. Alipokuwa kijana bado, hadithi yake fupi ilipata tuzo ya gazeti la mkoa, na baadaye kikatoka kitabu kimoja chembamba cha hadithi. Kila nyumba ya mtaa wetu inacho, hata zile zilizokiweka chini ya mguu wa meza. Tangu siku hizo hakuna anayemwita Wataru. Ni Mwalimu tu. Jina hilo lilikuwa tamu lilipokuwa jipya, lakini mtu akikuita Mwalimu kila asubuhi, naye nyumbani kwake ana kitabu chako kimoja kilekile, mwisho unaona kama anakudai.

Tena tuna desturi yetu. Januari mbili wakazi wa mtaa hukutana ukumbini, tunawasha jiko la mafuta ya taa, na kila mmoja anaandika kwa brashi na wino jambo atakalofanya mwaka huo. Karatasi hutundikwa ukutani wote wazione, hadi siku ya moto wa katikati ya mwezi zinapochomwa. Watu wengi huandika "Afya" au "Usalama barabarani" wakaenda kunywa uji mtamu wa mchele. Mwalimu, kwa kuwa ni mwandishi, karatasi yake ndiyo inayosomwa kwanza. Na kwa miaka mingi ilisema jambo moja: "Kumaliza riwaya."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Kuanzia Februari, akienda kununua samaki: "Mwalimu, imekwisha?" Akienda posta: "Imefika wapi?" Mwaka mmoja alijaribu kukwepa, akaandika "Subira". Aizawa, mwenyekiti wetu wa mtaa, mwenye duka la misumari na mabomba, akaitundika kando ya ile yake inayosema "Kupunguza sake", pombe yetu ya mchele, akarudi nyuma kuzitazama.

"Hizi mbili zinafaana," alisema. "Tuzifungishe ndoa."

Tulicheka sana. Mwalimu naye alicheka, lakini Fumie aliniambia kwamba usiku ule hakumaliza chakula chake.

Basi Desemba hiyo wasiwasi ulimzidi. Nilikuwa saluni natengenezwa nywele za sikukuu, na Fumie kaniinamisha kichwa kwenye beseni, Mwalimu alipotoka chumba cha nyuma na kipima joto mkononi.

"Mama Saki, naona kama nina homa."

Saki ni binti yao, nesi huko Sendai, ambaye mwaka huo zamu zilimzuia kuja.

"Kinasemaje?" Fumie akauliza bila kugeuka.

"Bado sijakiweka."

"Kiweke kwanza, baba, ndipo uone."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, kipima joto kwapani, akaanza kutueleza. Akiandika lengo kubwa, alisema, linamtazama mwaka mzima kama mkwe asiyeridhika. Akiandika dogo, kama ukurasa mmoja kwa siku, watu watasema kumbe mwandishi kazi yake ndogo hivyo. Asipoandika kitu, watasema ameacha. Na yeye hajaacha. Kila siku anakaa mezani. Ila anapokaribia Januari mbili, badala ya kuiona riwaya anaiona ile karatasi, na wino wote kichwani unakauka.

"Kwa hiyo unaogopa karatasi," Fumie akasema.

"Naogopa nitakachoiahidi."

"Mimi nikimwahidi mteja nywele za mawimbi zikatoka mwiba, anarudi kesho yake. Hafi mtu." Akanisuuza shingo kwa maji ya moto kupita kiasi, maana alikuwa ameanza kukasirika kwa niaba ya mumewe. "Kipima joto kinasemaje?"

Homa haikuwepo.

Mwaka mpya walikwenda hekaluni kama watu wote, wakavuta karatasi za kutabiri bahati. Ya Fumie ilisema safari itakuwa njema. Ya Mwalimu ilisema: "Bahati ndogo. Unachokingoja kitakuja, lakini kitachelewa." Fumie alicheka hadi akashika nguzo ya lango. Mwalimu aliifunga kwenye kamba ya hekalu, ambako watu huziacha zile za bahati mbaya, ingawa mbaya haikuwa, akasema hana haja ya kukumbushwa.

Januari mbili nilimkuta ukumbini kabla ya wote, kavaa aproni, anajaza mafuta kwenye jiko. Nikaelewa mbinu yake: mwenye kushughulika na jiko haulizwi. Watu wakaingia wakikung'uta theluji mabegani. Aizawa akagawa karatasi. Mwalimu akawa anapanga vikombe, anafungua dirisha, anafunga dirisha.

Aliyemkamata ni Bibi Tome. Bibi Tome ana miaka tisini, alikuwa mhudumu wa bafu la umma tangu ujana wake, na kwa hiyo amewaona wakazi wote wa Kajimachi bila nguo na hamwogopi yeyote. Msimu wa majani kupukutika mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alikuwa amekaa mbele ya karatasi yake na brashi inarukaruka kama panzi.

"Mwalimu, njoo uniandikie."

"Niandike nini, bibi?"

"Najuaje? Mimi lengo langu ni kuamka. Wewe ndiye mtunzi, tunga."

Akapiga magoti kando yake. "Kuna kitu unachokitaka ambacho hukukipata mwaka jana?"

Bibi Tome akatazama kulia na kushoto. Mkwewe, Masae, alikuwa upande wa pili anamimina uji. Akamnong'oneza Mwalimu kitu sikioni. Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima, akachovya brashi, akaandika kwa mwandiko mzuri mpana, na Aizawa akaitundika hapohapo kabla hajaisoma.

"Kula mochi kipande kimoja, Masae asijue."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Daktari alikuwa amempiga marufuku bibi kula mochi, zile keki za mchele wa kunata, zisije zikamkaba, na Masae alikuwa akizifungia kabatini.

"Mama," Masae akasema, birika mkononi, "naiona."

"Unaiona ya ukutani. Ya mdomoni hutaiona."

"Nitakukatia vipande vidogo kama kucha, ule mbele yangu, yaishe."

"Tayari nusu ya lengo nimelipata," Bibi Tome akamwambia Mwalimu. "Kumbe unajua kazi."

Basi watu wakamjia. Mimi nilimwambia sijui nitake nini, akaniuliza saa ngapi huamka, akaniandikia: "Siku moja kulala mpaka jua litoke, tofu itajijua." Nilicheka, kisha nikahisi machozi, sijui kwa nini. Aizawa naye akaleta yake, akasema aandikiwe kama kawaida, kupunguza sake. Mwalimu akafikiri kidogo, akaandika: "Kunywa sake nyumbani, na mke wangu." Aizawa aliisoma mara mbili. Hakutania. Akaenda kuitundika mwenyewe, pembeni, akainyoosha kwa kiganja.

Nilikuwa namtazama Mwalimu. Kwa wenzake brashi ilikwenda kama maji. Kisha karatasi zote zikaisha ikabaki moja, na kila mtu akamgeukia.

Alichovya brashi. Akaishikilia juu ya karatasi. Tone la wino likaanguka, likatawanyika. Uso wake ulikuwa mweupe kama tofu yangu, na nakuambia sikuona la kuchekesha hapo.

"Siwezi," akasema kwa sauti ndogo. "Samahanini. Nikiandika tena nitaimaliza, nitakuwa nawadanganya, na mimi mwenyewe najidanganya."

Fumie akaanza kuinuka. Ndipo Bibi Tome akauliza, huku analamba uji kwenye kidole:

"Hiyo riwaya yenyewe inahusu nini?"

Tukatazamana. Miaka yote hiyo tulikuwa tumemuuliza kama imekwisha. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza inahusu nini.

Mwalimu naye alishangaa. Akasema ni ya ndugu wawili waliorithi nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, juu milimani. Waligombana siku ya mazishi ya baba yao na hawajazungumza tena, lakini hakuna anayekubali kuondoka. Kwa hiyo wanaishi nyumba moja na wanatumiana maneno kupitia kwa mpishi, mwanamke anayeitwa Nobu. Mkubwa akitaka dirisha lifungwe anamwambia Nobu, Nobu anamwambia mdogo, mdogo anamwambia Nobu amwambie mkubwa asogee mbali nalo. Mwalimu aliigiza sauti zote tatu. Watu walianza kucheka, wakasogeza mito yao ya kukalia karibu. Uji ukapoa.

"Halafu?" Masae akauliza.

"Halafu Nobu amechoka. Siku ya theluji kubwa amefunga visu vyake kwenye kitambaa, amevaa koti, ametoka. Amesimama nje ya mlango. Ndipo nilipofika."

"Ulifika hapo lini?" Bibi Tome akauliza.

"Kitambo. Saki alikuwa bado shule."

"Saki ni nesi sasa."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo mama wa watu umemsimamisha kwenye theluji tangu Saki yuko shule." Bibi Tome alikuwa amekasirika kabisa. "Ana koti tu? Mwondoe au mrudishe ndani, atapata kichomi."

"Aende zake," Aizawa akasema. "Akiondoka, hao wawili watalazimika kusemezana."

"Aende wapi kwenye theluji hiyo?" Bibi Tome akasema. "Arudi aolewe na yule mdogo."

"Yule mdogo mvivu, hafungi hata dirisha," Masae akasema. "Bora yule mkubwa."

"Asiolewe na yeyote," Fumie akadakia. "Ana visu vyake, afungue mgahawa."

Wakaanza kubishana kwa sauti, hata mume wangu ambaye huwa hasemi. Mwalimu alikuwa akigeuza kichwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kisha ghafla akapiga goti lake.

"Hapana, hapana. Hawezi kuolewa wala kwenda popote. Kasahau kisu kimoja jikoni. Hawezi kuondoka bila hicho, kilikuwa cha mama yake. Na wote wawili ndani wanajua kiko wapi, ila kumwambia ni lazima kwanza waulizane nani atamwambia."

Bibi Tome akaweka bakuli lake la uji chini.

Mwalimu aliweka brashi chini, akatuinamia, akatoka. Hakuvua hata aproni. Tulimwona dirishani anakwenda mbio kwenye theluji, anateleza, anainuka.

"Huyo anamwahi Nobu," Aizawa akasema. Akaichukua karatasi tupu yenye tone moja la wino, akaitundika pamoja na nyingine.

Yaliyofuata hayakuwa miujiza. Nobu aliokota kisu chake kabla ya mwezi kwisha, lakini sura iliyofuata ilimtesa Mwalimu hadi miti ya cheri ikachanua. Tofauti ni kwamba sasa Jumanne, saluni inapofungwa, tulikuwa tunakwenda kukaa kwenye viti vya wateja, chini ya zile kofia za kukaushia nywele, naye anatusomea alichonacho. Wiki nyingine kurasa nyingi, wiki nyingine nusu ukurasa, na wiki nyingine anatoka chumba cha nyuma mikono mitupu na kusema, "Leo ndugu wamegoma." Tunakunywa chai, tunawasema hao ndugu, tunarudi makwetu. Hakuna aliyemuuliza itakwisha lini. Tulikuwa tunauliza Nobu anaendeleaje.

Nilimuuliza siku moja kama bado ana ule wasiwasi. Alisema anao, tena mwingi, ila Jumanne inafika kabla haujamaliza kukua.

Riwaya ilikwisha vuli, wakati tunatundika matunda ya persimoni yakauke. Kampuni ndogo ya uchapishaji ya Sendai imeikubali na itatoka mwakani. Alipotusomea sura ya mwisho, Nobu hakuolewa na yeyote. Ndugu wale wanakaa katika maji ya moto, kila mmoja kona yake, na mkubwa anasema jambo moja tu, kuhusu hali ya hewa, na mdogo anajibu. Fumie alilia. Aizawa, aliyekuja na mkewe, alitoa leso akasingizia dawa za nywele.

Bibi Tome alikuwa amelala chini ya kofia ya kukaushia. Tulipomwamsha na kumsimulia mwisho, alitikisa kichwa.

"Huo si mwisho," akasema. "Wale wamezungumza hali ya hewa tu. Kesho yake wanasema nini?"

Mwalimu alisimama na makaratasi yake mkononi, akageuza ukurasa wa mwisho. Kisha akamwomba Fumie amwazime kalamu.