Siku Niliyosema Mvua

Kazi pekee niliyoipenda maishani ni ile niliyoifanya nikiwa nimekaa. Nasema mapema ili msomaji asidhani nitamchukua mbali. Nyumba yangu iko Mikelenge, hapa mjini Kindu, kiti changu kiko sebuleni karibu na dirisha, na kwa miaka mingi mimi na kile kiti tumekuwa tukichakaa pamoja. Mke wangu husema kiti njo, yaani ndicho, kilimaliza sekondari, mimi nilikisindikiza tu.

Wakati wa vita kiti hicho kilinipatia kazi. Treni ilikuwa haifiki tena, mto ulikuwa na watu wenye bunduki, barabara ya Kalima imekatika, ya Kibombo imekatika. Chumvi, sabuni na dawa vilishuka kutoka juu, kwa ndege ndogo za watu binafsi, zile za mota moja ambazo zikikaribia unaona zinatetemeka kama zina homa. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na foni, redio ile ya kuzungumza na mbali, akatafuta mtu ambaye hakosi nyumbani. Avenyu nzima ilimwelekeza kwangu. Mpaka leo sijui kama walinisifu au walinitukana. Akafunga waya wa antena kutoka mti wangu wa avoka hadi paa la choo, akaweka betri ya gari chini ya meza, na mimi nikawa mtu wa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kusema neno moja. Kuna siku wanajeshi wa uwanja wa ndege walikuwa wanafunga anga. Mkubwa fulani anakuja, au kuna masanduku yanayoshushwa ambayo hawataki yaonekane, basi kwa saa mbili tatu ndege yoyote isiyo yao ikipita juu ya Kindu inapigwa risasi, au ikishuka inashikwa, rubani na mzigo pamoja. Kisha wanafungua, kimya kimya, kama walivyofunga. Rubani aliye njiani atajuaje? Na ukimwambia kwenye foni kwamba wanajeshi wamefunga, kila mwenye foni kutoka hapa hadi Punia amekusikia, wao wenyewe wakiwa wa kwanza, na kesho watakuja kukuuliza nani alikutuma kutoa siri za jeshi.

Basi mimi, mtu wa diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nikatunga lugha. Anga ikiwa wazi, nasema jua. Ikifungwa, nasema mvua. Na mvua ile ya kweli, ya Mungu, inaitwa maji. Nikaongeza sheria ya mwisho, ambayo niliionea fahari kuliko zote: rubani akisikia mvua, haulizi kitu. Anageuka, anazima foni, anatafuta kwingine pa kushuka, ili mtu asimfuatilie kwa sauti.

Habari zenyewe aliniletea jirani, mama mmoja aliyeuza mikate kwenye lango la uwanja. Alikuwa hasomi wala kuandika, lakini alijua jeshi kwa mikate. Wakinunua mingi asubuhi na kula wamesimama, kuna mgeni. Wakinunua michache na kukopa, siku ni ya kawaida. Hakukosea hata mara moja.

Mke wangu hakuipa lugha yangu heshima yoyote. Jua likiwaka, mimi ndani natangaza mvua, yeye uani na beseni la nguo:

"Bwana, nianike ao nianue? Hii ni mvua ya Mungu ao ya kamanda?"

"Ya kamanda."

"Basi naanika. Kamanda halowanishi nguo."

Tulikuwa tumeoana karibuni. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza mama yake alipofariki Kalima. Akapanda ndege ya rubani tuliyemzoea, mtu mnene, mpole, tuliyemwita Komanda kama marubani wote, akaenda kwenye kilio. Tulisema wiki moja. Vita ikasema miezi mitatu. Komanda alikuwa hapati njia ya kurudi Kalima, na mimi kila asubuhi nahesabu tumbo ambalo silioni.

Siku Komanda alipofika huko kuchukua magunia ya madini, alimweka mke wangu kwenye foni. Sauti yake ikatoka kwenye kile kisanduku kama inakaangwa.

"Bwana, tumbo limeshuka. Nakuja leo. Nitakalia magunia. Umefagia?"

"Nimefagia."

"Uongo. Na lile bati?"

Lile bati. Kwenye paa, juu ya meza ya foni, kulikuwa na bati lililolegea, na alikuwa ameniambia nilipige misumari tangu kiangazi. Kwa kulipiga misumari ningelazimika kupanda.

"Nitalipiga," nikamwambia.

"Nitazalia chini ya lile bati, mimi," akasema, na Komanda akachukua foni akicheka.

Mama wa mikate alikuwa amepita na habari njema: michache, na ya kukopa. Nikafagia kwa haraka, nikakaa. Kutoka Kalima mpaka kwetu kwa ndege ile ndogo si mbali, hata chai haipoi. Ng'ambo ya mto wingu lilikuwa linasimama, jeusi, lakini wingu si jambo. Komanda alishuka kwenye maji mara nyingi.

"Kindu, hali?"

"Jua, Komanda. Jua kabisa. Maji yako karibu, lakini ni jua."

"Maji tunayaona. Mama hapa anasema uweke chakula motoni."

Huyo ndiye mke wangu, dakika chache kutoka nyumbani, juu ya magunia. Nikashika foni vizuri ili nimjibu. Kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusemea, bati likainuka, na maji yakamwagika moja kwa moja juu ya mashine. Mama wa mikate alikuwa amekimbilia barazani kwangu, akapiga kelele:

"Baba, maji! Maji yanaingia kwa mashine!"

Alisema maji. Yeye, ambaye hakukaa kwenye darasa hata siku moja, alisema maji. Mimi mwenye lugha, mimi wa diploma, nikalia kwa nguvu zangu zote:

"Mvua! Mvua imeingia! Leta beseni!"

Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Nimekupata," akajibu Komanda, taratibu, kama mtu mwenye adabu. "Tunageuka."

Kisha kukawa kimya, kwa sababu sheria ilisema hivyo, na sheria ilikuwa yangu. Niliita. Niliita jua, jua, jua, maji yakitiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kidevu, na mama wa mikate amesimama na beseni ananitazama. Sauti ya mota tuliisikia kidogo upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Ikapungua. Mvua ikaipokea.

Siku mbili sikujua wako wapi. Siku ya tatu foni nyingine ikaniambia walishuka Kasongo, na kwamba mke wangu amejifungua mtoto wa kike kwa bibi mmoja Mwislamu anayeishi karibu na kiwanja, ambaye alimwona anashuka ameshika kiuno na hakumuuliza ni nani wala dini gani. Komanda aliondoka na mzigo wake, na hakupata kurudi Kasongo mpaka wiki tano zilipopita.

Wiki tano. Hapa ndipo ningependa kuruka ukurasa. Kutoka Kindu mpaka Kasongo kulikuwa na barabara, mbaya, yenye vizuizi na watu wenye mapanga, lakini watu wa baiskeli walipita, wanaume wa avenyu yangu, wakisukuma chumvi na sabuni, siku nane, siku kumi. Mmoja alikuja kunigongea: "Jirani, twende, tukupeleke kwa mke wako." Nikamwambia nani atakaa na foni. Nikamwambia vita. Vyote vilikuwa kweli, na vyote vilinifaa sana.

Aliporudi, alishuka na mtoto mgongoni, akatazama sebule, akatazama bati. Nilikuwa nimelipiga misumari, mingi, kama mtu anayefunga jeneza. Hakupaza sauti. Alisema tu:

"Chumvi ya Kindu ilifika Kasongo, Baba. Niliionja. Weye njo haukufika."

Toka siku ile sikumbuki mvua iliyonyesha bila yeye kuniuliza: "Baba, hii ni ya kweli?" Watoto wengine walizaliwa, wakakua wakidhani ni utani wa nyumbani. Ni utani, ndiyo. Lakini tumeuchekea miaka yote hii na haujachoka. Mimi njo nimechoka.

Siku hizi foni imekufa, kila mtu ana simu, na anga hufungwa kwa karatasi yenye muhuri, inayotangazwa kabla. Mkubwa anapotembelea mji, ndege ndogo zinaambiwa mapema: kuanzia saa hii mpaka hapo tutakapowaambia, msikaribie. Marubani hawahitaji tena mtu wa kiti.

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa Kisangani, kwa yule binti aliyezaliwa Kasongo, kutibiwa jicho. Walikuwa warudi pamoja kwa ndege ndogo ya mtu binafsi, na hapa mji ulikuwa umefagiwa kwa ajili ya wageni wakubwa. Asubuhi binti akapiga simu.

"Papa, rubani anasema Kindu wamefunga. Hataki hata kusogea pale karibu. Atatushusha Kalima, tungoje huko mpaka wafungue. Labda leo, labda kesho."

Nyuma yake nikasikia sauti ninayoijua.

"Muulize kama ni mvua ya kweli."

Binti akacheka. Mimi nikatazama nje. Ilikuwa inanyesha kweli, maji tele, hata avoka haionekani vizuri. Nikatazama kiti. Sitaki kusema kuna kitu kilinipanda kichwani, mimi si mtu wa vitu hivyo. Nilichoka tu kuulizwa. Nikachukua mwavuli na kofia, nikatoka, na jirani aliponiona kwenye njia na mwavuli akauliza nani amekufa.

Nikavuka mto kwa mtumbwi, nikishika mbao kwa mikono miwili. Alunguli nikapata mtu wa moto, pikipiki za kubeba watu, baba wa makamo kama yangu.

"Mzee, Kalima? Leo? Na hii mvua?"

"Ni maji tu," nikamwambia.

Tulianguka mara mbili. Mara ya pili mwavuli ulibaki kwenye tope na sikuurudia. Tulisukuma moto kuliko moto ilivyotubeba. Nilifika Kalima saa kumi, sina rangi ya mtu, nikaenda moja kwa moja kwenye kiwanja. Kulikuwa na mlinzi mmoja na mbuzi wake.

"Ndege ya Kisangani? Iliondoka saa saba, Mzee. Kindu walifungua."

Simu ikalia mfukoni, imelowana lakini nzima.

"Baba, uko wapi?" akauliza mke wangu. "Mlango uko wazi, kiti kiko kitupu. Nilidhani umekufa."

"Niko Kalima."



"Kalima gani?"

"Ile ya kwenu."

"Nani alikupeleka?"

"Moto."

"Weye? Juu ya moto?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka binti akamnyang'anya simu, naye binti akashindwa kusema. Nikakaa chini kwenye majani ya kiwanja, karibu na mbuzi, nikangoja wamalize.

Nililala kwa shemeji yangu, nikarudi kesho yake kwa barabara ileile. Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye kiti changu, jicho moja limefungwa bandeji. Hakuinuka. Nikavuta kigoda.

"Anza Alunguli," akasema. "Niambie yote ulipopita."

Nikamwambia. Tope la kwanza, tope la pili, mwavuli, daraja la miti.

"Hapana. Kabla ya daraja kuna mlima."

"Sikuona mlima."

"Ulifumba macho."

"Nilifumba."

Akajiegemeza vizuri kwenye kiti, akanyoosha miguu.

"Basi rudilia pale ulipofumbua," akasema. "Taratibu. Leo sina pa kwenda."