Nilikwenda Kukiona Chuo kwa Siku Moja

Mkuu wa chuo alinipigia simu kwa Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa amekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na aliporudi Burundi alikuwa tayari mtu mzima. Chuo chake cha ualimu kilikuwa vilimani, mkoani Muyinga, na tangu mwaka wa masomo uanze hakikuwa na mwalimu wa Kiswahili.

"Nyumba ipo, mwalimu," alisema. "Wanafunzi wapo. Njoo uone kwanza. Siku moja inatosha."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Nilifundisha Gitega, katika darasa lile lile tangu nianze kazi, na niliishi katika nyumba nilimozaliwa, mtaa wa Waislamu wenye Kiswahili chao, pamoja na mama yangu. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alikwisha kufariki. Kaka yangu anauza vipuri Bujumbura. Mimi niliolewa mara moja, nikakaa miaka miwili, nikarudi na sanduku moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena ninataka kuishi wapi.

Mama ana mtoto wa jicho. Jicho moja lilipasuliwa na halikupona vizuri, kwa hiyo anaona mwanga na vivuli tu. Hukaa mkekani sebuleni akifuma vitambaa vya meza kwa kupapasa, na masikio yake hayakosi kitu. Nikigusa tu kitasa cha mlango huuliza, "We iko unakwenda wapi?" Nikienda sokoni, shuleni, hata chooni, nilijibu. Kulikuwa na siku nilisimama uani nyuma ya nguo zilizoanikwa, nimebana pumzi, ili kwa dakika chache asijue niko wapi.

Nilimwambia nakwenda Muyinga kuona kazi.

"Muyinga iko mbali," alisema.

"Naondoka alfajiri, jioni niko hapa."

"Na watu ya kule iko wanaongea nini?"

"Kirundi, mama. Kama hapa."

"Hapa tuko na yetu," alisema, akaendelea kufuma.

Kutoka Muyinga mjini nilipanda pikipiki, saa nzima ya udongo mwekundu na mikaratusi. Chuo kilikuwa majengo manne ya matofali juu ya kilima, kanisa, maduka mawili, na chemchemi bondeni ambako wanafunzi walishuka na madumu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba viwili na dirisha linalotazama mabonde. Nilisimama pale dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkuu aliniomba nifundishe kipindi kimoja. Nilifundisha viwili. Wanafunzi waliniomba nisome tena kifungu kile kile, polepole, kwa sababu walitaka kusikia maneno yanavyotamkwa. Hakuna aliyeniita. Nilipotoka nje sauti yangu ilikuwa imekauka na nilikuwa na njaa kama msichana.

Dereva wa pikipiki hakurudi kunichukua. Mkuu alipiga simu huku na huku, kisha akaja na uso wa kuomba radhi.

"Mafuta yameisha mjini, mwalimu. Magari yote yamepanga foleni. Wanasema labda kesho."

Nililala katika ile nyumba ya vyumba viwili, kwenye godoro la kuazima. Nililala vizuri sana, na asubuhi nikaona aibu. Siku ya pili nilifundisha tena. Nilifua gauni langu moja na kulisubiri likauke nikiwa nimejifunga kitenge cha mke wa mkuu. Sikuwa na wa kumwambia ninaelekea wapi.

Siku ya tatu mvua ilianza, na kilima kikawa kidogo. Njia ilikuwa moja ya kupanda, ndiyo hiyo hiyo ya kushuka. Wanawake walioketi barazani dukani waliniuliza kwa Kirundi mimi ni mke wa nani, na nilipopita tena waliniuliza nimezaa wangapi. Mke wa mkuu, mtu mwema sana, alichinja kuku kwa ajili yangu, kisha akakumbuka mimi ni Mwislamu, akasimama mlangoni na bakuli mkononi hajui alipeleke wapi. Nilikula maharage. Nilitembea hadi mwisho wa mikaratusi, nikageuka, nikatembea tena. Jioni niliona kwamba nimehesabu madirisha ya bweni mara mbili.

Simu ilishika mtandao karibu na kanisa tu. Siku ya nne nilimpata jirani yetu wa Gitega.

"Dada, usishituke," alisema. "Mama amejimwagia maji ya moto mguuni. Si sana, lakini…" Mtandao ukakatika.

Sikungoja mafuta. Nilipanda nyuma ya baiskeli, na kwenye kila mlima tulishuka, mimi na mwenye baiskeli, tukaisukuma pamoja kwenye matope. Nilifika Muyinga nimelowa. Siku ya tano lori la ndizi lilinichukua kupitia Karuzi hadi Gitega, na njia nzima nilikuwa nikimwona mama peke yake, akipapasa ukuta.

Hakuwa peke yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, nywele zimesukwa upya, mguu umepakwa dawa na kufungwa kitambaa safi. Jirani na binti zake wawili walikuwa wakinywa naye chai, na nilipoingia walikuwa wanacheka.

"Mguu iko unauma?" nilimuuliza.

"Mguu iko sawa. Hawa iko wananiangalia muzuri." Akageuza uso kwenye kivuli changu. "Mi niliwaambia we utarudi. Sikuogopa hata kidogo."

Nilikwenda jikoni. Vyombo vyote vilikuwa vimeoshwa na kuwekwa mahali pasipo pake. Nililia pale, na nadhani yalikuwa machozi ya hasira. Miaka yote niliamini mlango umefungwa kutoka nje.

Jirani alinifuata. "Kama unataka kwenda kazi ile, nenda, dada. Sisi tupo."

Sebuleni kicheko kilikatika. Nilijua mama anasikiliza.

"Tutaona," nilisema.

Baada ya wiki mkuu wa chuo alipiga simu. Nilimwambia mama anaumwa. Mguu ulikuwa umeshapona. "Tutakusubiri," alisema, na kweli alinisubiri hadi likizo. Alipopiga tena niliitazama simu ikiita juu ya meza mpaka ikanyamaza. Baadaye nilisikia wamempata mtu.

Bado nafundisha katika darasa langu. Siku moja baada ya sala ya alasiri mama aliniuliza, bila kuacha kufuma, kama ile kazi ya Muyinga ilipata mtu.

"Ilipata, mama."

"Mwanamuke ao mwanaume?"

"Mwanaume."

Alivuta uzi. "Na yeye, mama yake iko wapi?"

Nilimwambia sijui.