Mwenyekiti Aliyeing'ata Redio

Ndugu zangu, leo hapa Mtoni mwenyekiti wetu ameing'ata redio mbele ya wajumbe wote.

Tulikutana kumwondoa madarakani, kwa kuwa hasikii.

Kabla ya kura tukafungua taarifa ya habari. Betri, ingawa tulizianika juani tangu asubuhi, zilikuwa hoi. Hakuna aliyeambulia neno.

Mwenyekiti, Mzee Chilumba, akainama, akakaza meno kwenye ubao wa redio.

Tulipomkodolea macho, akaachia kidogo.

"Yaliyoziba ni masikio, wanangu. Mfupa wa kichwa uko wazi. Sauti inapita menoni mpaka ndani. Nyamazeni, wanataja bei ya korosho!"

Akawa anang'ata na kuachia, mpaka akatusomea taarifa nzima.

Mpinzani wake naye akajaribu. Masikini, meno ya mbele hana.

Je, ndugu, nyinyi mngempigia nani kura?