Wimbo wa Mvua

Kila nikinusa polishi nyekundu ya sakafu, hasira hunipanda upya. Tulikuwa tumeketi juu ya sakafu hiyo, watoto wa shule ya Jumapili karibu na eneo la maduka la Adams. Mwalimu wetu wa dini alikuwa amemleta shosho, bibi mzee wa Kikamba, atuimbie wimbo wa kuomba mvua. Mzee wa kanisa akaingia kwa kishindo.

“Nyamaza! Hapa hatuimbii mashetani!”

Wazazi mlangoni wakampigia makofi, mama yangu akiwemo.

Mwalimu akamshika bibi mkono. “Twende, shosho. Mimi bado nataka kusikia.”

Mwalimu hakurudi tena kanisani. Alisomea anthropolojia, na sasa hufundisha mila mitaani. Juzi kanisa lilelile lilimwalika, likamsifu. Hakuna aliyemwomba radhi, wala aliyemtaja yule shosho.